Kutoka Milepa Hadi Boma: Njia ya Mahabusu wa Ufipa

Mtu akikamatwa Milepa, safari yake ya kwanza ni kupanda mlima. Milepa iko chini, katika Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye nchi ya mpunga, mahindi na ufuta, ambako jua la saa saba mchana halina masihara. Mahakama Kuu, Mahakama ya Hakimu Mkazi, waendesha mashtaka na gereza la mahabusu viko juu, Sumbawanga mjini, kwenye uwanda wa Ufipa unaokaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Katikati umesimama ukingo wa Bonde la Ufa ambao wenyeji huuita Lyamba lya Mfipa, ukuta wa mawe na miombo wenye kimo cha karibu mita 1,000. Barabara zinazoupanda, ile ya Ntendo kwenda Muze na ile ya Kalambazite kwenda Ilemba, ni kona juu ya kona, na masika yakikolea hata madereva wazoefu huahirisha safari.

Aliyekamatwa bondeni mara nyingi huondoka kama alivyo: fulana, kaptula, kandambili. Kule juu, mwezi Juni au Julai, usiku unadai koti na blanketi. Kwa hiyo mtuhumiwa wa bondeni huanza kuonja adhabu kwa baridi, kabla hajasomewa shtaka.

Nimeifuata njia hii nikirudi nyuma kupitia tawala zilizowahi kuishika Ufipa, nikitafuta jibu la swali moja: mtu ambaye kosa lake bado halijathibitika amekuwa akiwekwa wapi, kwa muda gani, na kwa amri ya nani? Kila utawala ulikuwa na sheria zake na lugha yake ya mahakamani, lakini jambo moja lilirithiwa bila kuandikwa popote. Umbali kati ya kijiji na hakimu ndio uliopanga urefu wa kifungo cha mtu asiyefungwa.

Kabla ya pingu

Katika karne ya 19 Ufipa ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja ikiwa na mtawala wake, mwene. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1880, alikuta nchi ya wakulima, watu waliotumia jembe zaidi ya mkuki. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya utafiti kwa Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza utawala wa ngazi mbili. Juu walikuwapo maofisa wa mwene. Chini alikuwapo mkuu wa kijiji, aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe, nao waliweza kumwondoa wakimchoka. Huyu wa chini ndiye aliyesikiliza mashauri ya kila siku: matusi, wizi mdogo, ugoni, ugomvi wa mashamba. Kikao kilikaa hadharani, na aliyeshindwa alilipa. Ufipa ilisifika kwa kuyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo yaliyomzidi mtu kimo, na jembe la chuma lilikuwa mali iliyotosha kulipia mahari na fidia.

Mfumo wa namna hiyo haukuhitaji jela. Mtuhumiwa alilala kwake akisubiri siku ya baraza, kwa sababu mdhamini wake alikuwa ukoo mzima, na ukoo hauwezi kutoroka usiku. Kama alitoroka yeye, waliobaki walilipa. Huo ulikuwa udhamini mkali kuliko wowote unaoandikwa leo kwenye fomu ya mahakama.

Lakini picha hii tusiipambe kupita kiasi. Katika nchi zote za kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, aliyetuhumiwa uchawi aliweza kunyweshwa mwavi, na hapo sumu ndiyo ikawa shahidi na hakimu. Deni au damu iliyokosa mali ya kulipia iliweza kulipwa kwa mtu, na aghalabu mtu huyo alikuwa mwanamke au mtoto, ambaye hakuwa na kosa lolote. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipozidi katika nusu ya pili ya karne hiyo, ikipita vituo kama Kirando kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, rehani wa namna hiyo aliweza kuuzwa na asirudi tena. Hivyo, mnyororo wa kwanza kuonwa na wengi katika njia hizi ulikuwa wa msafara wa watumwa. Ule wa serikali ulifuata baadaye.

Boma la ziwani

Wajerumani walipoifikia Ufipa mwishoni mwa miaka ya 1890 hawakujenga uwandani. Walijenga Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakakiita kituo chao Bismarckburg kwa jina la kansela wao wa zamani. Kwa ofisa aliyetegemea mashua na meli mahali hapo palifaa. Kwa mtu wa Milepa ilikuwa balaa. Akitakiwa bomani ilibidi apande Lyamba, aukate uwanda wa Ufipa kutoka mashariki hadi magharibi, kisha ateremke tena hadi ziwani. Leo barabara ya Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga ni kilometa 112, bila kuhesabu ule mpando wa kutoka bondeni. Wakati ule watu waliukata umbali huo kwa miguu, na aliyekamatwa aliukata mbele ya askari wenye bunduki.

Amri ya Kansela ya Aprili 1896 ndiyo iliyompa mkuu wa wilaya wa Kijerumani mamlaka ya kuwahukumu Waafrika. Ofisa huyo huyo alikusanya kodi, aliamuru watu wakamatwe, alisikiliza shauri, alitoa hukumu na kuyashika magereza. Viboko ishirini na vitano vilikuwa vya kawaida kiasi kwamba watu walivipa jina, hamsa ishirini. Kifungo kilimaanisha mnyororo: watu kadhaa, kila mmoja na kitanzi cha chuma shingoni, wakachimba barabara na kubeba mawe pamoja, wakala na kulala pamoja. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 iliongeza sababu za mtu wa kawaida kufikishwa bomani.

Katika mpango kama huo, aliyekuwa akisubiri shauri na aliyekwisha hukumiwa walitenganishwa na kitu chembamba sana, yaani nafasi ya ofisa mmoja. Akiwa safarini kukagua wilaya, shauri lilisubiri. Akiugua homa, lilisubiri. Hapakuwa na hakimu wa pili wa kumwendea wala sheria iliyotaja saa wala siku.

Juni 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini yaliiteka Bismarckburg. Magofu ya boma bado yapo Kasanga, mawe ya Kijerumani juu ya maji ya ziwa, na wageni hupelekwa kuyatazama kama kivutio. Ni vizuri anayeyapiga picha akumbuke kwamba kuna waliotembea kutoka upande wa pili wa mkoa kuja kungoja shauri mahali hapo.

Jaji wa safari

Waingereza waliisogeza serikali. Makao ya wilaya ya Ufipa hatimaye yaliwekwa Sumbawanga, na kwa mtu wa bondeni njia ikafupika kwa zaidi ya nusu. Wakaleta pia kitu ambacho Wajerumani hawakuwapa Waafrika, yaani Mahakama Kuu iliyoanzishwa kwa amri ya mwaka 1920 na iliyokuwa na majaji wasio wakuu wa wilaya. Agosti 25, 1931 Magereza yalitenganishwa na Polisi, na siku hiyo ndiyo Jeshi la Magereza huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Kwa karatasi, anayekamata, anayehukumu na anayefunga wakawa watu watatu.

Bondeni mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliingiza utawala wa kupitia watemi. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliwapa watemi mahakama zao, ikaziweka chini ya maofisa utawala badala ya majaji, na ikawazuia mawakili kuingia humo. Mtu aliyedaiwa kuku au kodi alimalizwa na baraza la mtemi. Aliyetuhumiwa kuua alipandishwa Sumbawanga, ofisa utawala akafanya uchunguzi wa awali, kisha faili likangoja jaji wa Mahakama Kuu aje kwa mzunguko wake.

Hapa ndipo kusubiri kulipopata umbo ambalo bado tunalo. Uchunguzi wa awali unafanyika karibu, hukumu inatoka mbali, na kati ya viwili hivyo mtu anakaa ndani. Mwaka 1933 London ilituma tume iliyoongozwa na Grattan Bushe kuchunguza uendeshaji wa mashauri ya jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Ubishi mkubwa ulikuwa kama maofisa utawala waendelee kuhukumu au kazi hiyo waachiwe wanasheria. Magavana walisema ofisa wa wilaya anawajua watu wake na yuko karibu nao. Majaji walisema anayetawala hafai kuhukumu. Kila upande ulikuwa na hoja, na mahabusu ndiye aliyekaa katikati: akitaka hukumu ya haraka ampokee ofisa, akitaka hukumu ya mwanasheria asubiri.

Ufipa ilikuwa na aina nyingine ya kizuizi isiyohitaji hata ukuta. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayedhaniwa mchawi akaishi mahali fulani na asitoke. Hakuna hatia iliyohitaji kuthibitishwa kama katika kesi ya kawaida. Ilitosha ofisa aridhike kwamba kukaa kwake kijijini kungeleta fujo. Sheria hiyo hiyo ilitumika dhidi ya waliowasaka wachawi. Katika miaka ya 1930 dawa ya kuwasafisha wachawi iliyoitwa Mchapi ilienea kutoka Nyasaland hadi pande hizi, na mwaka 1963 na 1964 Willis alishuhudia vijana wa harakati ya Kamchape wakipita kijiji hadi kijiji, wakiwataja wazee kuwa wachawi, wakiwachanja na kuwalazimisha watoe vifaa vyao. Wazee wale walishtakiwa, walihukumiwa na kuadhibiwa mchana mmoja, katika uwanja wa kijiji chao. Haraka peke yake, kumbe, haitoshi kuitwa haki. Aliyetajwa na Kamchape hakusubiri hata siku moja, na hakupata hata nafasi moja ya kujitetea.

Uhuru na saa 48

Serikali ya uhuru ilirithi jengo lote, mlango na ufunguo. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu Rais kumfungia mtu bila kesi. Mwaka huo huo wakuu wa mikoa na wa maeneo walipewa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, na uwezo huo uliandikwa upya katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997. Ndiyo maana hadi leo mwananchi anayebishana na mkuu wa wilaya mkutanoni huambiwa na jirani yake akae chini asije akalala sero. Ofisa wa zamani aliyekamata na kuamua peke yake hakufa kabisa. Alipewa saa 48 za kuishi.

Yapo pia yaliyojengwa vizuri. Watemi walifutwa kisheria mwaka 1963, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaziunganisha mahakama zote, kutoka ile ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, katika mfumo mmoja. Mtu wa bondeni akawa, kwa mara ya kwanza, chini ya mahakama ile ile anayoikimbilia tajiri wa Dar es Salaam. Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ulizaliwa, ukimegwa kutoka Mbeya na Tabora, na Sumbawanga ikawa makao yake makuu.

Kisha ukaja mwaka 1976. Katika Mkoa wa Shinyanga, wakati wa msako wa watuhumiwa wa mauaji ya wazee waliodhaniwa wachawi, watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola waliteswa na baadhi yao wakafa. Mapema mwaka uliofuata Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kuwajibika, ingawa si yeye aliyewagusa. Watanzania wengi wanalikumbuka tukio hilo kwa uungwana wa Mwinyi, ambaye mwaka 1985 alikuja kuwa Rais. Wachache wanakumbuka kwamba waliokufa walikuwa mahabusu, na kwamba tuhuma zao zilitokana na hofu ile ile ya uchawi inayojulikana sana Ufipa.

Haki za binadamu ziliingia katika Katiba mwaka 1984. Ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa hadi ithibitike kuwa analo. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambayo inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 pale inapowezekana. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 148, inaorodhesha makosa yasiyo na dhamana kabisa, mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha yakiwamo. Kifungu hicho na ibara ile havijawahi kupatana. Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete iliyoanzia Musoma, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikiona kipande cha kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2018 mahakama hiyo ilikiondoa kipande kingine, kile kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa cheti chake tu. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikwenda mbali zaidi, ikaitengua orodha nzima ya makosa yasiyo na dhamana katika shauri la Dickson Sanga. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliirudisha.

Tarehe nyingine ya kutajwa

Yote hayo hukutana kwenye baraza la mahakama pale Sumbawanga siku ya kutajwa kesi. Karandinga linaingia, watu wanashuka wawili wawili wamefungwa pingu moja. Ndugu wamesimama pembeni na vifurushi vyao. Waliotoka bondeni unawajua kwa vumbi jekundu lililoganda kwenye viatu na kwa jinsi walivyojikunyata. Wengine wamepanda usiku juu ya fuso la mpunga ili wafike asubuhi. Jina linaitwa, mtu anasimama kizimbani, mwendesha mashtaka anainuka.

"Mheshimiwa, shauri limekuja kwa kutajwa. Upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine."

Hakimu anatazama kalenda, anataja tarehe ya wiki mbili mbele, mtu anateremshwa kizimbani. Limechukua muda mfupi kuliko wa kuagiza chai mgahawani. Mama aliyesafiri usiku kucha amemwona mwanawe mgongo tu.

Chukua mfano wa mkulima wa Milepa anayedaiwa kuiba ng'ombe wa mfugaji. Bonde la Rukwa limepokea wafugaji wengi, Wasukuma hasa, na kesi za mifugo haziishi. Wizi una dhamana. Lakini dhamana inataka wadhamini, wadhamini wanataka barua ya mtendaji na kitambulisho, na wote wanatakiwa wasimame mbele ya hakimu siku hiyo. Hapo weka nauli ya watu wawili, malazi mjini, na uwezekano wa kuambiwa barua haina muhuri unaotakiwa. Mali inayodaiwa ikizidi shilingi milioni 10, na kundi la ng'ombe hufika huko upesi, kwa miaka mingi sheria imetaka mshtakiwa aweke nusu ya thamani yake ndipo atoke. Kwa jina ni haki ya dhamana. Kwa vitendo ni ada ya kushuka Lyamba, na mwenye kuishindwa anabaki juu.

Aliyeshtakiwa kuua hana hata hilo la kujaribu. Kesi yake inatajwa na kutajwa katika mahakama ya chini ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Upelelezi ukikamilika faili linahamishiwa Mahakama Kuu, kisha linasubiri kikao, na kikao kinasubiri bajeti ya kuwaleta mashahidi kutoka vijijini. Mpangilio wa Mwingereza, uchunguzi karibu na hukumu mbali, umebakia ingawa siku hizi Mahakama Kuu ina jengo mjini humo humo.

Mfungwa aliyehukumiwa yuko nafuu kwa jambo moja: anaijua siku yake. Anaweza kupelekwa gereza la kilimo la Mollo, nje ya mji, akashika jembe, akahesabu, na tabia ikiwa njema akapunguziwa theluthi. Mahabusu hana cha kuhesabu wala cha kupunguziwa. Hata msamaha wa Rais humpita mlangoni. Desemba 2019 Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo, na mahabusu hawakuweza kuwamo, kwa kuwa huwezi kumsamehe mtu ambaye hajapatikana na hatia. Hivyo aliyethibitika mwizi akaenda nyumbani, na anayedaiwa kuwa mwizi akabaki kumfagilia chumba.

Kwa nchi nzima, magereza ya Tanzania yamejengwa kwa ajili ya watu 29,902, na kwa miaka mingi karibu nusu ya waliomo wamekuwa mahabusu. Matokeo ya kurundikana yalionekana Novemba 2002 huko Rujewa wilayani Mbarali, katika mkoa jirani wa Mbeya, ambako mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya chumba kimoja cha polisi. Hakuna mmoja wao aliyekuwa amehukumiwa kifo, wala kifungo, wala faini.

Kilio cha upande wa pili

Mtu wa Milepa anaweza kuyasikiliza haya yote, kisha akasema wacha wakae ndani. Naye ana sababu. Februari 2013 na Machi 2015 bonde hili lilitangazwa dunia nzima baada ya watoto wenye ualbino kukatwa mikono. Mzazi anayelala chumba kimoja na mtoto mwenye ualbino, mlango umekazwa kwa gogo, hataki kusikia kwamba mtuhumiwa amepata wadhamini na amerudi kijijini. Kifungu cha 148 kina watetezi wake, na wengi wao si mawakili wa serikali.

Hasira hiyo ilifika hadi juu. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwanasheria kwa taaluma na mzaliwa wa Mpanda, iliyokuwa bado sehemu ya Rukwa, alilia bungeni alipokuwa akieleza kauli yake kwamba wanaowaua watu wenye ualbino nao wauawe papo hapo wakikamatwa. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na yalionyesha jinsi ilivyo vigumu, hata kwa aliyesomea sheria, kumwona mtuhumiwa wa unyama kama mtu asiye na hatia.

Hata hivyo kusubirisha hakumsaidii aliyeumizwa. Kila mwaka unaopita kabla ya kikao, shahidi mmoja anahama, mwingine anafariki, wa tatu amesahau kama ilikuwa jioni au alfajiri. Mlalamikaji naye anapanda Lyamba kwa nauli yake kuitikia wito, naye anaambiwa tarehe nyingine. Mwishoni mtuhumiwa aliyekaa ndani miaka anaachiwa kwa ushahidi kuwa hafifu, na kijiji kinabaki hakijui kama aliyerudi ni mhalifu aliyeponea au mtu aliyeonewa. Katika mazingira hayo, vijana wanaojitwalia hukumu mikononi hupata wasikilizaji, kama Kamchape walivyopata.

Mahakama ishuke

Serikali imeliona tatizo. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kesi zilizo ndani ya mamlaka ya mahakama za chini zisifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika. Makosa makubwa, yale yanayoishia Mahakama Kuu, hayakuguswa, na hayo ndiyo yanayowaweka watu ndani kwa muda mrefu zaidi. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ikamkabidhi ripoti iliyogusa ukamataji, upelelezi na msongamano. Mahakama nayo ilizindua mwaka 2019 mahakama inayotembea, chumba cha kusikilizia kesi juu ya gari, ikaanza na Dar es Salaam na Mwanza. Ni wazo zuri lililoanzia pasipo na mlima.

Historia ya njia hii inaonyesha ni wapi pa kuanzia. Mjerumani aliweka boma ziwani kwa sababu ya meli zake. Mwingereza aliliweka uwandani kwa sababu ya hali ya hewa na utawala wake. Sisi tumeliacha hapo kwa sababu tulilikuta. Hakuna aliyewahi kupanga kituo cha haki kwa kuuliza mtuhumiwa, shahidi na mlalamikaji wa bondeni wanafikaje. Polisi wanashuka hadi Milepa kukamata. Mtoza ushuru wa mazao anashuka hadi Milepa. Mgombea ubunge anashuka kila miaka mitano, mvua inyeshe isinyeshe. Basi hakimu naye anaweza kushuka kwa ratiba inayojulikana, akasikiliza mashahidi mahali walipo na kumaliza kwa wiki moja kinachotajwa Sumbawanga kwa miaka.

Kuna hatua nyingine ndogo zaidi, isiyosubiri gari wala lami. Wadhamini wa mtu wa bondeni wangeruhusiwa kukamilisha dhamana katika Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nao, mbele ya hakimu anayemfahamu mtendaji na anayejua shamba la mdhamini liko upande gani wa mto. Karatasi ndiyo ipande mlima. Wafipa walimwacha mtuhumiwa alale kwake kwa kuwa waliomdhamini walijulikana na walikuwa karibu, na sharti hilo bado linaweza kutimizwa Milepa kuliko linavyotimizwa mjini, ambako hakimu hulazimika kuuamini muhuri kwa sababu sura haijui.